Kiambatisho Na. 4

Barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika ina kurasa tatu na viambatisho kumi na kimoja. Ningeipata leo ningeitafuna nikaimeza, pamoja na pini zake.

Nina steshenari. Mtaa sitautaja, maana wenyewe wangejitambua kabla sijafika aya ya tatu. Itoshe kusema ni Dar es Salaam, upande usiosikia bahari, kando ya barabara iliyopata lami kupitia mradi wa DMDP na tangu siku hiyo ikaanza kujiona Kariakoo. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nafanya laminesheni, nawajazia vijana fomu za mkopo wa chuo na wazazi fomu za vyeti vya kuzaliwa. Lakini kinachonilisha hasa ni barua. Za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kumlalamikia mwenye nyumba, na mara moja ya kijana aliyekuwa akiomba apunguziwe mahari. Mtu anakuja na hasira zake, anazimwaga juu ya kaunta, nami nazipanga: anwani juu kulia, "Yah:" kwa herufi kubwa na mstari chini yake, "Rejea kichwa cha habari hapo juu", halafu mwishoni "Wako katika ujenzi wa taifa", hata kama mwenye barua hajawahi kujenga banda la kuku. Mtaani wananiita Katibu. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Printa yangu ina ugonjwa. Kila karatasi inayotoka ina mstari mwembamba wa buluu upande wa kushoto, kama mshipa wa mkono. Mafundi wawili wameifungua na kuifunga, mstari uko palepale. Zamani wateja walilalamika. Siku hizi wanasema ni muhuri wa Katibu, na kwamba barua isiyo na mshipa haijatoka kwangu.

Kabla ya lami mabango ya nguzo yalikuwa ya kuhesabu. Jina la duka liliandikwa ukutani, au kwenye kipande cha hadibodi kilichopigiliwa juu ya mlango, kwa kuwa mteja alikuja kwa miguu na alikuwa na nafasi ya kusoma. Lami ikaleta bodaboda na bajaji zinazopita kama zimefukuzwa, na msomaji wa aina hiyo anataka herufi za kumkamata shingo. Mangi wa dukani alianza kuchimbia nguzo. Akafuata kinyozi, akafuata wa duka la dawa. Mimi nilichelewa, kwa hiyo nikaamua kuwazidi wote: flekisi ya futi 8 kwa 4, fremu ya skwea paipu, nguzo mbili ndani ya zege, taa mbili juu. Upande wangu wa mtaro kuna mwembe wa jirani ambao ungelificha bango, basi nikalivusha mtaro na kulisimamisha upande wa barabara. Likaonekana kutoka kona zote mbili. Usiku wa kwanza nilivuka ng'ambo na kusimama pale gizani nikilitazama, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Ilani ilikuja Jumanne asubuhi, ikiletwa na vijana wawili wenye vizibao vya njano na mama mmoja afisa, mpole, aliyevaa raba kwa sababu ya kutembea kutwa.

"Kaka, kibali cha bango unacho?"

Nikamwonyesha leseni ya biashara, iliyotundikwa ukutani na kulaminetiwa kwa mikono yangu mwenyewe.

"Hiyo ni ya biashara. Naulizia ya bango."

Hapo nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa na aibu ya kitaalamu. Watu wangapi nimewaelekeza pale kaunta kwamba leseni ni kitu kimoja na vibali vingine ni vitu vingine! Leseni inakuruhusu kuuza, ipo tangu Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Bango lina kibali chake, linalipiwa ushuru wake kila mwaka kulingana na ukubwa, na juu ya hayo yote liko suala la ardhi lilikosimama, maana hifadhi ya barabara si mali ya mwenye duka hata akiifagia kila asubuhi. Nilikuwa na risiti moja tu ya ushuru wa bango, ya bango langu la zamani la ukutani, na ilikuwa ya TRA. Kuanzia 2017 ushuru huo ulihamishiwa TRA kutoka kwenye halmashauri, baadaye ukarudishwa, na katika kurudi huko hakuna aliyekuja kuniuliza, nami sikwenda kuuliza. Nani huenda kuliamsha deni lililolala?

Yule mama akaandika. Makosa mawili: bango bila kibali, na bango ndani ya hifadhi ya barabara. Siku 14 za kuliondoa, au kuwasilisha maelezo ya maandishi kwa Mkurugenzi, K.K. Mtendaji wa Kata. Faini pamoja na ushuru wa nyuma vingefika kodi ya fremu yangu ya miezi miwili. Wakati anaandika, kijana mmoja alikwishafungua kopo na kuchora X nyekundu kwenye nguzo.

Mkazi wa Dar haioni X nyekundu kwa moyo mtulivu. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba nyingi zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, mahali ambapo hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Shemeji yangu alikuwemo. Tulihamisha mabati na milango yake usiku kwa kirikuu, safari nne, na mkewe akiwa amekumbatia friji njia nzima kana kwamba ingeruka. Basi nilipoiona ile X kwenye nguzo yangu sikuona bango. Niliona kirikuu.

Simulizi hili nalileta ili mjue nilianzia wapi. Utetezi wangu si huo. Kwa maana yule afisa, kabla hajaondoka, aligeuka akaniambia jambo ambalo lingenitosha kabisa:

"Andika uombe tupime upya na uombe muda wa kurudisha nguzo nyuma. Barabara hii si ya mkoa, hifadhi yake ni nyembamba. Usiandike mengi."

Usiandike mengi! Kumwambia Katibu!

Kwanza sikupima. Ndani ya duka kuna futi kamba ya mita tano, iko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa, na sikuitoa. Kichwani mwangu kulikuwa na zile mita 30 ambazo kila mtu mjini anazijua: Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, ikatoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Nikajisemea, kama ni mita 30, basi hata choo cha nyuma ya duka kimo ndani, na kama choo kimo, mtaa mzima umo. Hapo ndipo shetani alipokaa kitako. Kama mtaa mzima umo, mbona mimi tu?

Hayo maneno matatu, "mbona mimi tu", nimeyasikia kaunta kwangu miaka 14. Kila anayekuja kulalamika hufika nayo, na kila mara mimi ndiye niliyemshauri ayafute. Nilikuwa nawaambia: ofisi haijali jirani yako amefanya nini, inajali faili lako lina nini. Ushauri mzuri, wa shilingi elfu mbili.

Nikaandika usiku tatu mfululizo. Nilifungua na Katiba. Ibara ya 13(6)(a), haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki za mtu zinapoamuliwa, na hapo nilikuwa sawasawa, mwanasheria yeyote angenipa mkono. Kisha nikapanda ibara ya 13(1), usawa wa watu wote mbele ya sheria, na hapo nikaanza kupaa. Niliuliza kwa unyenyekevu wa maandishi, ambao ni aina ya kiburi, iweje mkono wa sheria umfikie mmoja na kuwaruka kumi. Nikaandika kwamba naambatanisha ushahidi.

Jumapili asubuhi, wakati wengine wako kanisani na wengine bado wamelala, nikatoka na simu. Nilipiga picha mabango kumi na moja. Nilifanya kazi safi, kwa bahati mbaya. Kila picha ilionyesha bango zima na ukingo wa barabara, ili umbali uonekane. Nikarudi, nikazichapa mbili mbili kwa ukurasa, nikaziwekea namba na maelezo: mahali, aina ya biashara, umbali "kwa makadirio". Na. 1, la Mangi, lile lenye chupa ya soda. Na. 2, la kinyozi, vichwa sita vya wachezaji ambao hakuna hata mmoja anayefanana na mwenyewe. Na. 3, msalaba wa kijani wa duka la dawa. Na. 7 lilikuwa bati la mganga wa nyota lililopigiliwa kwenye nguzo ya umeme, nikacheka peke yangu wakati nalipiga. Majina ya watu sikuandika popote. Hilo lilinipa amani kubwa, kwamba sijamtaja mtu. Majina yalikuwa yameandikwa kwenye mabango yenyewe, kwa herufi za futi moja.

Na. 4 lilikuwa la mama fundi cherehani.

Yule tunamwita Bi Mkubwa, na kwangu ni mama, kwa heshima na kwa mazoea. Kibaraza chake kiko hatua kumi kutoka kwangu. Bango lake halikuwa flekisi. Lilikuwa hadibodi ya futi 4 kwa 3 kwenye miguu miwili ya mbao, na lilichorwa kwa mkono na marehemu mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo: kuchora mabango, magari ya mizigo, na kuta za baa. Kwa muda mrefu nusu ya maandishi ya mtaa wetu yalikuwa mwandiko wake. Alikuwa na fahari ya kusema kwamba anatumia vifaa vilevile alivyotumia Edward Saidi Tingatinga, hadibodi na rangi ya mafuta ya makopo, ila yeye hapaki chui, anapaka riziki. Kwenye bango la mkewe alichora mwanamke mwenye kilemba kikubwa ameinamia cherehani, na gurudumu la cherehani akalifanya kubwa kama tairi la fuso. Chini akaandika TUNASHONA NGOU ZA AINA ZOTE. Watu walimwambia kuhusu ile NGOU. Akajibu kwamba anayekuja kushonesha hasomi, anaangalia kilemba.

Rangi ile ilikuwa imepasuka pasuka lakini haikuwa imefifia. Flekisi yangu, kwa kulinganisha, haikumaliza mwaka na nusu. Jua lilikula wekundu wote, na yule binti wa kwenye picha ya pasipoti akabaki na uso wa buluu kama aliyeopolewa ziwani.

Yule mzee alipofariki mimi ndiye niliyechapa ratiba ya mazishi na kadi za michango, na sikuchukua senti. Tangu hapo Bi Mkubwa hajawahi kunitoza. Zipu, pindo la suruali, sare za wanangu, kila nikitoa hela ananifukuza kwa mkasi: "Ondoka hapa, Katibu mwanangu." Nami nikalipiga picha bango lake Jumapili saa moja na nusu asubuhi, nikaandika chini yake: "Kiambatisho Na. 4. Ushonaji. Limesimama ukingoni kabisa mwa mtaro." Kwa nini sikuliruka? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo kuliko swali. Kumi ilikuwa namba nzuri, lakini kumi na moja ilionyesha kwamba sikuchagua.

Nilipeleka barua kwa mtendaji, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikarudi nyumbani nikila karanga. Nilijiona mtu safi. Wenzangu wangetafuta mtu wa kumpa chai, mimi nimetumia Katiba. Mpaka leo sifa hiyo inanisumbua, kwa sababu rushwa ingenidhuru mimi na yule mpokeaji, na Katiba niliitumia kuwadhuru watu kumi na mmoja ambao hawakuwa na habari nami.

Siku ya tisa yule afisa alirudi na vijana wake. Safari hii hawakuja kwangu. Walianza kwa Mangi. Mkononi alikuwa na karatasi, na aliifuata kama mgeni anavyofuata maelekezo ya nyumba ya harusi: anaangalia karatasi, anaangalia mbele, anatembea. Na. 1, Na. 2, Na. 3. Nilikuwa ndani nyuma ya mashine ya kopi. Nilijua ataelekea wapi kabla hajainua mguu. Kopo la rangi nyekundu likapita mtaa mzima, na ikafika saa sita hakuna nguzo isiyo na X. La mganga walilibandua tu, mwenyewe hakujulikana alipo, labda nyota hazikumwambia.

Nilidai usawa, nikaletewa wote.

Alasiri wakaanza kuja dukani. Unafikiri mtaa wenye Katibu unapeleka wapi ilani zake? Mangi alikuja wa kwanza, akatupa karatasi kwenye kaunta: "Katibu, nani kachoma mtaa?" Nikasema sijui. Neno moja, "sijui", nikalisema nikiwa nimeinama kutafuta pini ambazo zilikuwa mbele yangu. Kisha nikamwandikia barua. Nikamwandikia kinyozi. Nikamwandikia dada wa duka la dawa, na wakala wa pesa, na wengine wawili. Barua sita, shilingi elfu mbili kila moja na nakala mbili. Elfu kumi na mbili. Jioni nikanunua wino wa printa, kwa hiyo hata hiyo hela ukitaka kuifuatilia imeishia kwenye ule ule mshipa wa buluu.

La ajabu ni kwamba barua zile zilikuwa nzuri. Fupi, nusu ukurasa: naomba kupimiwa upya, naomba siku 30 za kurudisha nguzo nyuma, nitalipia kibali. Hakuna Katiba, hakuna jirani. Nilizijua tangu mwanzo. Wanne kati yao walikubaliwa wiki ileile.

Bi Mkubwa alikuja magharibi, nilipokuwa nataka kufunga. Alikaa kwenye stuli ya wateja wa picha, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa. Akaweka mezani ilani yake. Juu ya ilani akaweka karatasi nyingine.

"Hii aliiacha yule mama wa ofisini. Nilimwambia hilo silo bango langu, langu halina kosa, akanionyesha picha. Nikamwomba aniachie, maana marehemu hakuwahi kulipiga picha."

Ilikuwa kopi ya ukurasa wangu. Kiambatisho Na. 3 juu, Na. 4 chini. Wino ulikuwa umepauka kidogo kwa kupita kwenye mashine ya watu, lakini upande wa kushoto, kutoka juu hadi chini, kupita katikati ya msalaba wa duka la dawa na kwenye ukingo wa kilemba, ulikuwepo mstari.

Kwenye kopi isiyo ya rangi mstari wa buluu unakuwa wa kijivu. Hilo nililiwaza kwa haraka sana, kama mwizi anavyowaza dirisha. Kwamba pengine mtu hawezi kuutambua ukiwa wa kijivu. Mwanamke aliyeishi miaka arobaini akitazama mishono.

"Niandikie vizuri, mwanangu," akasema. "Kama unavyojiandikia mwenyewe."

Nilitazama kama kuna kitu usoni mwake. Alikuwa anaitazama picha.

Nikamuuliza anataka niombe nini. Hakutaka kupimiwa. Hakutaka muda mrefu. Alitaka wasilivunje. "Waambie nitalitoa mwenyewe, wasije na nyundo." Nikaandika mistari minne. Ndiyo barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na vidole vilinitetemeka nikakosea neno "nyundo" mara mbili. Alipofungua pochi nikakataa hela. Akaniombea dua, ndefu, ya watoto na ya biashara, nami nikasema amina mwisho wa kila kipande.

Ombi lake lilikubaliwa siku ileile nilipolipeleka. Yule afisa alilisoma akiwa amesimama, akasema huyu mama achukue wiki nzima akitaka. Jumamosi tukaenda kulitoa, mimi na mjukuu wake. Misumari ilikuwa imeoza ndani ya mbao. Hadibodi iliyonyeshewa na kukauka miaka mingi inakuwa kama mkate wa juzi. Ukiigusa ukingoni inamung'unyuka. Kijana alishika kushoto, mimi kulia. Nilisema "taratibu" na bado nikavuta. Likakatika. Si katikati; lilikatika kwa mshazari, kuanzia begani kwa yule mwanamke mpaka chini ya gurudumu, na kipande kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa na cherehani na NGOU ZA AINA. Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sindano mdomoni. Aliitoa sindano, akaichomeka kwenye kanga, akasema tuingize ndani vyote viwili.

Majibu ya barua yangu yalikuja wiki iliyofuata. Aya mbili. Ya kwanza ilisema kosa la mwingine haliwi kibali cha kwangu, na nilipewa siku saba. Ya pili nitaiandika kwa maneno yangu kwa sababu siwezi kuinakili: ofisi ilinishukuru kwa ushirikiano katika kubainisha mabango mengine yasiyo na vibali. Miaka yote hii ya kuandika barua, na hatimaye ofisi ya serikali imeniandikia shukrani.

Nililipa. Walipima, yule mama na futi kamba ndefu, na mpaka wa hifadhi ukapita juu ya mtaro, palepale kwenye ukingo wa ndani. Nguzo zangu zilikuwa zimezidi futi nne. Futi nne! Nikazing'oa, nikazirudisha upande wa duka, na jirani mwenye mwembe, ambaye kabla ya hapo sikuwahi hata kumwomba, alikata tawi moja bila kuulizwa mara ya pili. Bango linaonekana vizuri tu. Kibali nimekilaminetia, kiko chini ya leseni.

Ile barua ya shukrani iko chini ya droo, kwenye futi kamba na betri. Mke wangu ndiye pekee aliyeisoma. Alisoma, akakunja, akaniuliza, "Sasa Bi Mkubwa unamwambia lini?" Huo ulikuwa mwezi wa nne.

Nimekwenda mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa na wateja. Mara ya pili hapakuwa na wateja, na nikamwambia habari za mvua. Kile kipande cha juu, chenye kilemba, amekitundika ndani, juu ya cherehani, na kile cha chini anakitumia kukatia vitambaa; chaki imejaa juu ya maandishi. Nje hana bango. Wateja wa zamani wanamjua. Wapya wanapita, nimewaona kwa macho yangu wakisimama mbele ya kibaraza chake, wakitazama huku na huku, kisha wakaja kwangu kuuliza kama mtaa huu una fundi.

Mara ya tatu nilikwenda na sare ya shule ya binti yangu, sketi ya kupunguza. Binti mwenyewe nilimchukua makusudi, halafu nikamtuma dukani kwa Mangi mara baada ya kupimwa kiuno, ili tubaki wawili. Nikasema, "Mama, ile picha aliyokuachia yule mama wa ofisini..."

Alikuwa na futi yake ya kitambaa shingoni. Akaishusha, akanipa ncha moja. "Shika hapa."

Nikashika. Akaivuta hadi kwenye pindo la sketi, akatia alama kwa chaki, akaandika kwenye daftari lake, inchi 23. Akaniuliza kama binti anasoma vizuri. Nikasema anasoma. Akasema sketi itakuwa tayari Ijumaa, na kweli Ijumaa ilikuwa tayari, imepigwa pasi, imekunjwa kwenye mfuko. Nikaingiza mkono mfukoni na kuuliza ni kiasi gani, kama ninavyouliza siku zote, huku mguu mmoja uko nje nikisubiri mkasi.

"Elfu mbili," akasema.

Nikamhesabia.